Kijani cha Juu na Kijani cha Chini

Mahabusu, Muleba
9 Desemba 2024

Dada Joanitha,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa, maana hapa kiti ni cha askari. Afya ipo. Chakula kipo pia, ingawa ni ugali kila siku na wewe unanijua, mimi ni mtu wa ndizi. Afande ametuambia barua zote ziandikwe kwa Kiswahili ili azisome kabla hazijatoka, kwa hiyo usishangae ndugu yako akikuandikia kama mkaguzi wa shule.

Najua umeshasikia, lakini sikia na kwangu. Jioni ya tarehe 23 Novemba tulikuwa tumewasha taa za kunasia senene nyuma ya kibanja. Mabati yamesimama, mapipa yako chini yake, wadudu wameanza kushuka. Annastella, mdogo wa mke wangu, alikuwa ameshika bati moja lililokuwa likiyumba. Mara mbingu ikawaka. Kilipita kimondo, dada, cha kijani, mpaka migomba ikatoa vivuli. Sote tulitazama juu. Niliposhusha macho mtego ulikuwa unaungua na Annastella yumo ndani ya moto. Alifariki siku ya nne.

Polisi wanasema nyaya zangu zilikuwa mbovu. Nimeshtakiwa kumuua bila kukusudia. Mimi nasema moto ule ulitoka juu, na nitasema hivyo mpaka mwisho.

Wewe ndiye uliyefunga kamera juu ya paa langu. Miaka yote nilikucheka kwamba unapiga picha giza. Sasa naliomba hilo giza. Nimemwagiza Joviana akuletee kadi ya kamera. Nisaidie.

Mdogo wako,
Joackim


Kahororo, Bukoba
16 Desemba 2024

Joackim,

Kadi imefika. Mkeo ameifunga kwenye ganda la mgomba kama anavyofunga kahawa ya kutafuna.

Nianze na lililo moyoni, maana nisipolitoa halitanipisha niandike mengine. Kahawa ya baba iliuzwa ukasoma wewe. Mimi nilikwenda studio ya mzee Hasmukh kuosha trei za dawa za picha, na nilichokijua kuhusu nuru nilikijulia pale, mikono ikichubuka. Baba alipofariki wazee walikaa, wakakupa kibanja, nyumba na shamba lake, mimi wakaniambia nina mikono mizuri. Nilipotaka kufunga kamera nilikuomba ruhusa kupanda paa la nyumba ambayo mchanga wake niliubeba kichwani. Uliniambia nisivunje bati.

Basi. Kimondo kilikuwepo. Kamera yangu ya hapa Kahororo imekiona vizuri, na ya kwako nadhani imekiona pia. Ndiyo maana niliziweka mbili: kikionekana toka pande mbili napata kimo chake angani. Mbele ya lenzi kuna karatasi angavu yenye mistari mia tano kila milimita. Hiyo huichana nuru ikawa ukanda wa rangi, na kila madini huchora mstari mahali pake. Zichukue namba hizo kama namba za nyumba mtaani. Sodiamu anakaa 589. Magnesi, yule anayekipa kimondo ukijani, anakaa 518. Hawahami.

Taa zako za senene nazijua vilevile. Kila Novemba zebaki yake inanichafulia picha, nimekulalamikia mpaka nimechoka.

Ila usiwe mwepesi wa kusema moto ulitoka juu. Vimondo huzimika vikiwa bado mbali sana angani, na kipande kikifika chini kimeshapoa. Nitaitazama kadi yote, kisha nitakuandikia.

Joanitha


Mahabusu, Muleba
27 Desemba 2024

Dada yangu,

Krismasi imepita. Tuliimba, na mlinzi mmoja akatuletea ndizi zilizochemshwa, akisema ni za mke wake. Nililia kama mtoto mbele ya sahani.

Wakili wangu wa msaada amefurahi sana kusikia kimondo kipo kwenye picha. Kuhusu kupoa, vitabu vyako viseme vinavyosema. Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Na si mimi peke yangu. Muuguzi aliyemhudumia Annastella ameandika kwamba marehemu alitamka mara mbili, "Ni moto wa kimondo." Maneno yake mwenyewe, dada. Wakili anasema ushahidi wa marehemu na picha yako vikisimama pamoja, natoka. Nikiikosa picha, nijiandae kuzeekea humu.

Nikwambie jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Kuna saa nafikiri labda ni mimi. Kwamba niliuona ule waya ukiwa umechunika nikasema utafika mwisho wa msimu. Pumzi inakata kabisa. Halafu naukumbuka ule ukijani juu yetu, na pumzi inarudi. Ndicho kinachonishikilia.

Kemilembe anauliza shangazi atakuja lini. Amepata namba nzuri darasani kwenye hesabu, amekufuata wewe.

Joackim


Kahororo
8 Januari 2025

Joackim,

Nimeitazama kadi. Picha haitakufaa. Mwambie wakili asiiombe, na wewe usiitaje tena mbele ya mtu.

Barua zetu zinasomwa, kwa hiyo usiniulize sababu. Nilikuja Muleba Jumamosi nikuambie ana kwa ana. Wavu mmoja, watu ishirini, kila mtu anapiga kelele, na askari amesimama katikati. Nikaondoka sijasema. Nitakuja tena.

Niamini mara moja tu.

Joanitha


Mahabusu, Muleba
15 Januari 2025

Joanitha,

Sasa nimekuelewa. Kimondo unacho, ulikiri mwenyewe kwa mkono wako, kisha ghafla picha haifai. Nilirudi kuisoma barua yako ya kwanza. Kabla ya kuzungumzia kifungo changu ulizungumzia kibanja. Mchanga uliobeba kichwani. Kumbe ndiyo bei.

Haya. Chukua nusu. Chukua yote, mwachie mtoto wangu chumba kimoja. Lakini usinidai ardhi juu ya kaburi la Annastella.

Ukija usijisumbue kuniita, sitatoka. Wakili ataiomba mahakama ikuamuru kuileta picha. Utakuja nayo utake usitake.

Joackim Kamala


Muleba
19 Januari 2025

Wifi Joanitha,

Hii nimempa kondakta aifikishe mkononi mwako, haijapita kwa askari. Najua ulikuja gerezani mara ya pili akakataa kutoka. Nisamehe kwa niaba yake.

Nina jambo linanikaba. Nilikuwepo mdogo wangu alipotamka yale maneno. Midomo ilikuwa imevimba, sauti haitoki. Muuguzi ni mtu wa Dodoma, hajui mambo ya kwetu. Yeye alisikia kimondo. Mimi sikusikia kimondo, wifi. Nilisikia Kemondo.

Ile transfoma ya taa, Joackim aliinunua kule bandarini Kemondo kwa fundi Faruku, ikiwa imetolewa kwenye meli ya mizigo. Tangu siku ilipofika nyumbani sote tuliiita Kemondo. "Washa Kemondo." "Kemondo inanuka leo." Annastella ndiye aliyeipa jina, kwa utani, kwa sababu inanguruma kama meli. Alikuwa anatuambia ni moto wa Kemondo.

Joackim hakuwa pale, alishakamatwa. Aliposikia kimondo aliamini moja kwa moja, na mimi sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Nikisema, nimempoteza mume. Nikinyamaza, nimemfanya mdogo wangu aseme uongo akiwa anakufa. Mama yangu kule Kagondo hata sijamwambia.

Picha yako inasema nini?

Joviana


Kahororo
21 Januari 2025

Joviana,

Inasema alichosema Annastella.

Kamera ya kwenu inatazama upande wa Bukoba, na chini kabisa ya picha huingia ncha za migomba na nguzo ya mtego. Pale kwenye nguzo kuna nuru inayoanza kabla kimondo hakijatokea. Karatasi imeichana. Mistari mitatu ya kijani: 510, 515, 522. Hiyo ni shaba. Ni waya unaungua. Kimondo kinakuja baadaye, juu, na mstari wake mmoja wa 518. Nimepima kutoka kamera zote mbili: kilizimika juu ya ziwa, kilomita arobaini kwenda angani. Hakikuwasha kitu chochote duniani. Kazi yake ilikuwa moja, kuwafanya wote mtazame juu wakati waya umeshashika moto. Mngekuwa mnatazama chini, mmoja wenu angezima jenereta.

Sasa unaona kwa nini sikuweza kumwandikia. Afande akisoma neno shaba, kesi imekwisha. Na hata asiposoma, namwandikiaje mtu kwamba kile kinachomrudishia pumzi si kweli?

Nimeipeleka picha kwa mzee Hasmukh anichapie. Ameinamia mezani, akaniuliza, "Mama, hii harusi ya nani, taa nyingi hivi?" Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, akaniletea maji.

Kadi niliishika juu ya jiko. Sikuweza. Tangu nianze kazi hii sijafuta hata picha moja mbaya, na wataalamu wa vimondo wa nje ya nchi wanaopokea vipimo vyangu wanavipokea kwa sababu hiyo tu. Sina shahada ya kuwaonyesha. Nina neno langu kwamba namba ni namba.

Wewe sema au usiseme, sitakuhukumu. Mimi nikiitwa nitakwenda. Nikiulizwa namba, nitatoa namba.

Joanitha


Muleba
2 Novemba 2025

Dada yangu mpenzi,

Ni mwezi wa pili tangu niachiwe na bado naamka nikitafuta ndoo ya kukalia. Nimekuwa nikitaka kukuandikia kwa utulivu, si yale maneno ya haraka ya kwenye simu.

Nakuona bado pale kizimbani, umevaa lile gauni la bluu. Niliogopa. Nilijua umekuja kwa amri, nikasema leo ananimaliza. Wakili akakuuliza kama kimondo kilikuwepo, ukasema kilikuwepo, ukataja na saa. Mwanasheria wa serikali akauliza kama una cheti cha elimu ya anga, ukamjibu huna, akakaa akidhani amekushinda. Halafu jaji akavua miwani. Akaielekeza ile picha yako kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Shahidi, kijani hiki cha juu na kijani hiki cha chini ni kimoja?"

Karani akainua kalamu. Ukanitazama. Ukasema:

"Kwa jicho, mheshimiwa, ni kimoja."

Joviana naye alipoulizwa alisema alisikia kama alivyosikia muuguzi. Nikaachiwa. Dada, nilikuwa nimekutukana, na wewe ulikuwa umebeba uhai wangu mdomoni. Nimewaita wazee. Sehemu yote ya juu yenye mibuni ni yako, tutasaini ukija.

Habari njema nyingine: polisi wamenirudishia vielelezo vyote. Taa, jenereta, hata Kemondo yangu. Kama kosa ni la mbingu, wataishika ya nini? Faruku amekuja kuifunga upya, na pale waya ulipochunika ameviringisha nailoni. Senene wameanza kuonekana, Jumamosi nawasha. Kemilembe amekua, urefu wake sasa ni wa Annastella. Amesema atashika bati.

Wako anayekupenda,
Joackim


Kahororo
5 Novemba 2025

Joackim,

Usiwashe.

Kwenye simu nilipoanza kusema ulinikatiza kwa vicheko na shukrani, ukakata. Kwa hiyo soma hapa, taratibu, peke yako.

Jaji aliniuliza swali la namba na mimi nilimjibu kwa jicho. Kijani cha juu ni 518, magnesi, kimondo. Kijani cha chini ni 510, 515, 522, shaba, waya wako. Na kile cha chini kilianza kwanza. Kwenye picha niliyoipeleka nilizichapa nuru zote mbili pamoja, karatasi moja, ili ya kwanza na ya pili zisijulikane. Nilichagua hivyo nyumbani, kabla hata sijapanda basi, huku nikijidanganya kwamba nikiulizwa nitasema.

Nilikutazama kwa sababu nilitaka nione kama unajua. Hukuwa unajua. Ulikuwa unaniangalia kama siku ile baba alipokupeleka shule ukaona na mimi nimebeba sanduku, ukadhani tunaenda wote.

Annastella hakusema kimondo. Muulize mkeo alisema nini.

Ardhi siitaki. Kemondo itoe kwenye ule mtego, na mtoto asiguse bati.

Joanitha


Kagondo
10 Novemba 2025

Wifi,

Nakuandikia nikiwa kwa mama yangu. Nimemleta Kemilembe huku Ijumaa. Tumekuja na begi moja.

Barua yako aliisoma mbele ya vijana aliowaajiri, kwa sauti, akicheka. Akasema dada aliapa na Biblia mkononi, na hii ni karatasi tu; mtu akishaapa hawezi kuja na karatasi. Akasema umeona sehemu ya mibuni haitoshi, unataka kibanja chote. Wale vijana wakacheka naye. Mmoja akasema mama wa kamera amechanganyikiwa na nyota.

Alhamisi hiyo jioni nikamfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Kemondo, ameushika ule waya wenye nailoni. Nikamwambia kila kitu. Kwamba ni Kemondo aliyoitaja, na niliposema mahakamani nimesikia kimondo nilikuwa namwogopa yeye na kuiogopa njaa. Nilidhani ataung'oa waya. Kweli nilidhani hivyo, wifi, maana hakuuachia.

Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia, "Usiniambie tena. Kama si kimondo, basi ni mimi."

Akainuka, akavuta kamba ya jenereta kuijaribu.

Amewasha Jumamosi, amewasha jana. Leo nasikia kuna wanawake wawili wa jirani wanamshikia mabati. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniambia mahakama ilishaamua, yeye ni nani. Polisi wameniuliza kama nina barua ya mahakama.

Sijui nimwendee nani tena. Mama amesikia yote na tangu jana hasemi na mimi.

Joviana


Joanitha Kamala
Mpiga picha
Kahororo, Bukoba
12 Novemba 2025

Msajili wa Mahakama,
Bukoba.

YAH: KUSAHIHISHA USHAHIDI NILIOUTOA KWA KIAPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi niliyetajwa nilikuwa shahidi katika kesi ya ndugu yangu, Joackim Kamala, aliyeshtakiwa kumuua bila kukusudia marehemu Annastella, na ambaye mahakama ilimwachia huru mwezi Septemba. Mheshimiwa Jaji aliniuliza kama nuru mbili za kijani zilizo kwenye picha yangu ni kitu kimoja. Nilijibu kwamba kwa jicho ni kimoja. Jibu hilo nililitoa ili mahakama isijue nilichokuwa nakijua.

Naambatanisha kadi yenyewe, haijafutwa wala kukatwa, pamoja na picha zote kwa mpangilio zilivyopigwa. Nuru ya chini ina mistari ya 510, 515 na 522, ni shaba, na ilianza kabla. Nuru ya juu ni 518, na ilizimika angani bila kufika ardhini. Mtu yeyote mwenye rula anaweza kupima upya.

Sijui sheria inasemaje kuhusu mtu aliyekwisha kuachiwa. Kuhusu shahidi aliyeficha najua, na nipo nyumbani, mlango wa pili toka kanisani, mnaweza kunichukua saa yoyote.

Mtambo uleule umewashwa tena Muleba, kwa waya uleule, na kuna watu wameushikia mabati jioni hii ninapoandika. Walioombwa wauzime wanadai karatasi ya mahakama. Naomba itolewe leo. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Naomba pia niitwe tena, na safari hii niulizwe namba.

Joanitha Kamala